Namba Kubwa Haiogopwi, Hupimwa



Wako kati yetu wasemao kwamba kupima hesabu kwa mkono ni kazi ya zamani, kwa kuwa simu hukokotoa yote. Mimi siafiki, na nitaeleza kwa nini.

Tutwae namba moja kubwa inayotuhusu sote: 8,053,574. Ndiyo jumla ya watu wa Burundi katika sensa ya mwaka 2008. Ukiitazama tu, waona msururu wa tarakimu. Lakini ihoji, nayo itajibu. Inaishia na 4, basi yagawanyika kwa mbili. Jumlisha tarakimu zake: 32, tena 3 na 2 ni 5. Basi ukiigawa kwa tisa, baki ni 5. Maana 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja huzidi mafungu ya tisa kwa moja tu. Sasa anza kuliani, ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 4 − 7 + 5 − 3 + 5 − 0 + 8. Jawabu ni 12, yaani 11 na moja. Tungewapanga watu wote hao katika timu za mpira, tungepata timu 732,143, na mtu mmoja angebaki. Huyo awe mwamuzi!

Je, mambo haya yana faida gani? Msimu mmoja wa kahawa, hapa Mwakiro, majirani walinipa kazi ya kuandika uzito wa buni zao. Mzigo ulipopimwa kituoni ulionekana umepungua kilo 27. Mzee aliyeusindikiza akaanza kunong'onwa kuwa ni mwizi. Usiku ule sikulala. Ndipo nilipokumbuka: tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti lazima igawanyike kwa tisa, na 27 ni tisa mara tatu. Nikafungua daftari, nikajumlisha upya. Jumla ilikuwa 1,825; mimi nilikuwa nimenakili 1,852. Mwizi alikuwa kalamu yangu. Nilimwomba mzee radhi mbele ya majirani wote.

Angalieni: kipimo cha tisa peke yake kisingenionya, kwa kuwa tarakimu ni zile zile na jumla yake ni ile ile 16. Kipimo cha kumi na moja kingenionya, maana 1,825 hubakiza 10, na 1,852 hubakiza 4. Ndiyo sababu nasema vyote viwili vitumike.

Simu hujumlisha sawasawa, lakini haijui kama mkono umekosea kunakili. Basi kila atunzaye hesabu za wenzake, awe mweka hazina wa darasa au karani aliyekwisha kuhitimu, apime kwanza kabla ya kutia sahihi. Nusu dakika ya kupima si kitu mbele ya heshima ya mtu.