Fyuzi iko wapi?

Wadau, leo sibembelezi mtu. Kila nikifungua simu napata video nyingine ya kijana aliyegeuza matatu kuukuu kuwa gari la kulala. Mbao ukutani ziko fiti, taa ndogo ndogo zinametameta kama Krismasi, kahawa inachemka na mlango wa nyuma unatazama milima ya Ngong. Halafu maneno ni yale yale: "Nimejifanyia mwenyewe, bei rahisi, hata wewe unaweza." Video imeisha. Betri iko wapi? Kimya. Waya zimepita wapi? Kimya. Na kuna mtu Kitengela ameshaenda kununua plaiwudi.

Sipingi kujifanyia. Kenya tungefanyaje? Gari la mtumba likizidi miaka minane haliingizwi nchini, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hivyo yale magari-nyumba makuukuu ya Ulaya mnayoyatamani hayapiti Mombasa. Kilichobaki ni HiAce iliyochoka kubeba abiria 14, na mafundi wa jua kali wanaojua kukata bati na kuchomelea. Hiyo ni nguvu yetu, na naipenda.

Shida yangu ni stima. Piga hesabu na mimi. Inveta ya wati 1000 ikibeba mzigo wote kutoka betri ya volti 12 inavuta ampea 83, tena zaidi kidogo, kwa sababu inveta yenyewe inakula. Nyumbani, kwa volti 240, wati hizo hizo ni ampea 4 na kitu. Sasa mtu anachukua waya ya 2.5, ile ya soketi za nyumba, anaunganisha nayo betri na inveta, anafunika na mbao safi. Waya hiyo itapata moto kama koili ya jiko. Na bila fyuzi karibu na betri, hakuna cha kuukata. Wewe umelala juu yake.

Ongeza barabara zetu. Ukishatoka lami hapa Kajiado, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Waya iliyopitishwa kwenye tundu la bati bila mpira inasuguliwa kila kilomita, mpaka siku shaba inagusa bodi. Tepu nyeusi haitakuokoa hapo.

Na hewa je? Betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto haraka, na mmeifungia chini ya kitanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, kwa hivyo dirisha la juu pekee halitoshi, lazima kuwe na tundu chini. Halafu baridi ya Julai ikiuma, kuna mjanja anaingiza jiko la makaa na kufunga milango. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hiyo haikuamshi.

Najua mtakachoandika kwenye komenti. "Huyu aliacha chuo, sasa anajifanya injinia." Ndio, niliacha chuo. Kugawanya 1000 kwa 12 ni hesabu ya shule ya msingi, mwanangu. Mwingine atasema waya nene na fyuzi ni gharama. Sawa, mbona pesa ya mbao na taa za rangi ilipatikana? Punguza urembo, nunua waya. Na mwingine atasema ukweli wenyewe: waya hazina laiki. Hapo ndipo tunagombana. Ukimwambia mtu "hata wewe unaweza," umemchukua mkono. Huwezi kumwonyesha kitanda tu, ukamwachia moto ajigundulie usiku, mtoto wake akiwa pembeni.

Na acheni hii uongo ya "mwenyewe." Kama fundi wa gereji ndiye alikuchomelea fremu, mtaje, mlipe, muonyeshe kwa kamera. Kama waya zimekushinda, tafuta fundi wa umeme wa magari, si yule aliyekufungia stima ya nyumba, na umwambie mzigo wote kabla hajaanza. Kujua pale mikono yako inapoishia si aibu. Ni sehemu ya kazi.

Kwa hivyo nawaomba vitu vitatu kabla ya kile kitanda: fyuzi, unene wa waya, na mahali hewa inapotokea. Dakika moja tu. Ukiweka hiyo, nitasambaza video yako bure, hata kama gari lako ni baya kama kibanda cha kuku. Ukituwekea mbao peke yake, utanipata kwenye komenti zako kila siku na swali moja tu: fyuzi iko wapi?