UMELIPIA PS6? HEBU NIAMBIE UMENUNUA NINI



Ndugu yangu, leo sizungumzii kama gemu ni halali au haramu. Najua wapo watakaokimbilia kwenye maoni kuandika "haramu" kabla hawajafika aya ya pili. Tulia. Leo nina jambo la muamala, na ni zito kuliko unavyodhani.

Wiki iliyopita baada ya Isha alinifuata kijana mwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu. Ana PS4 tatu na luninga tatu, watoto wanacheza mpira kwa mia tano. Kijana wa swala, hana makuu. Akanionyesha simu. Kuna mfanyabiashara amefungua kundi la WhatsApp, anapokea arubuni ya PS6. Unatoa laki tatu, "nafasi" yako inawekwa. Ametundika na orodha ya sifa: teraflopu ngapi, memori GB ngapi, gemu zote kwa 4K na fremu 120. Bei kamili? "Tutaijua ikitoka." Kijana kalipia nafasi mbili. Laki sita. Na hela si yake, ni zamu ya upatu ya mama yake, ambaye bado anadaiwa michango ya wiki tano.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo mashine umeiona?"

"Bado haijatoka, sheikh."

"Nani kakwambia sifa zake?"

Akanyamaza kidogo. "Ziko YouTube."

Haya, tuangalie kinachojulikana. (Ndiyo, nimesoma. Mwanangu ndiye aliyenieleza maana ya teraflopu, na nilimrudisha nyuma mara tatu. Ni hesabu ya trilioni moja kwa sekunde, basi.) Oktoba 2025 Mark Cerny wa Sony, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alitokea kwenye video pamoja na Jack Huynh wa kampuni ya AMD. Wakaeleza mambo wanayoyatengeneza: namna ya kuunganisha sehemu za chipu ya picha zifanye kazi ya akili bandia kwa pamoja, sehemu maalumu ya kukokotoa miale ya mwanga, na namna ya kubana data ili memori isizidiwe. Kisha Cerny mwenyewe akasema kwamba kwa sasa mambo hayo yapo kwenye uigaji wa kompyuta tu, na anatamani kuyaleta kwenye mashine ya baadaye, miaka michache ijayo. Hakutaja teraflopu. Hakutaja bei. Hakutaja tarehe. Mwenye mali anasema bado ni uigaji, dalali wa WhatsApp anakukatia risiti!

Sasa njoo kwenye dini yako. Mtume ﷺ amekataza biashara ya gharar, ile ambayo mnunuzi hajui anapata nini. Wanavyuoni wakatoa mifano: samaki aliye baharini, ndege aliye angani, mtoto aliye tumboni mwa ngamia. Huyo mtoto wa ngamia walau mama yake anaonekana anatembea.

Najua utanijibu nini, maana kijana naye alinijibu hivyohivyo: "Sheikh, si kuna bai ya salam? Unalipa leo, mali inakuja baadaye." Ipo, na ni rehema. Watu wa Madina walikuwa wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno, na Mtume ﷺ hakuwazuia. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Na wanavyuoni wengi wakasema thamani yote ilipwe palepale, na bidhaa iwe ya kupatikana sokoni muda ukifika. Pima sasa PS6 yako. Sifa hazijulikani. Muda haujulikani. Bei haijulikani. Ulicholipa ni kipande tu. Sharti lipi limebaki? Tende za Madina zilikuwa zinajulikana mti wake, msimu wake na ladha yake. Wewe unalipia kitu ambacho hata waundaji hawajakimaliza.

Na hili neno arubuni msilichezee. Ni neno la fiqhi. Muuzaji kubaki na arubuni ikiwa mnunuzi amejitoa, wanavyuoni wengi wameikataa. Imam Ahmad aliiruhusu. Lakini aliyeiruhusu alikuwa anazungumzia mali inayojulikana na bei inayojulikana. Usimbebeshe Imam Ahmad kundi lako la WhatsApp.

Wengine watasema, "Lakini sheikh, tetesi za mashine hizi huwa kweli." Nyingine ndiyo, sikatai. Lakini kumbuka 2021. Mitandao yote ilikuwa na uhakika kwamba Nintendo inaleta Switch mpya yenye nguvu, ya 4K. Watu waliipa hadi jina, "Switch Pro". Julai ikatangazwa, na ilikuwa nini? Switch ileile, nguvu ileile, kioo kipya cha OLED cha inchi 7, kwa dola 350. Wakasahau, wakaanza kuota Switch 2. Kwa kuwa iliyotangulia ilikuwa na OLED, wengi wakajua hii haiwezi kukosa. Juni 2025 ikatoka na kioo cha LCD. Sasa wewe dalali, ungekuwa umeshauza "nafasi" mia kwa jina la OLED, ungewaambia nini watu?

Bei ndiyo usiseme. Tulizoea mashine ikizeeka inashuka. PS4 ilianza dola 399 mwaka 2013, na 2016 ikaja nyembamba kwa 299. PS5 ya diski ilianza 499 mwaka 2020. Agosti 2025, ikiwa na karibu miaka mitano, Marekani ikapandishwa hadi 549.99. Kama bei ya mashine iliyopo dukani imewashinda wataalamu kuitabiri, huyo wa WhatsApp ameijulia wapi "bei ya ofa" ya mashine isiyokuwepo?

Na nyinyi mnaokesha kwenye makundi kutukanana kwa ajili ya namba, nanyi nina neno lenu. Mwaka 2020 mlipigana hivihivi: Xbox Series X ina teraflopu 12, PS5 ina 10.28, kwa hiyo PS5 imekwisha. Watu walivunja urafiki. Zikatoka, gemu nyingi zikaonekana karibu sawa machoni, na yenye namba ndogo ndiyo iliyouzika zaidi. Kuna ndugu wawili, Waislamu, wa tumbo moja, niliambiwa hawakusalimiana mpaka Ramadhani ilipoingia. Kwa desimali! Na saa nane za usiku zote walikuwa macho, Alfajiri wakaikuta jua limechomoza.

Kutamani si dhambi. Kijana wa kibanda kutaka kuwa wa kwanza mtaani ni haki yake, ni riziki yake. Nilimwambia akusanye hela yake mwenyewe, mashine itangazwe, itoke, watu waishike, ndipo aamue. Pengine atagundua watoto wa mia tano wanataka pedi zisizokwama tu.

Jumatatu alikwenda kudai. Akajibiwa, "Arubuni hairudi, soma kanuni za kundi."

Wewe uliyemjibu hivyo, najua unanifuata humu, maana uliipenda posti yangu ya Jumamosi. Sitakutaja. Mchango wa upatu wa mama yule ni Alhamisi. Mrudishie laki sita kabla ya hapo, na wale wengine waliomo kundini uwarudishie pia, wote unao majina yao.

Wallahu a'lam. Masharti ya salam nitayaeleza kwa kirefu kwenye darsa ya Ijumaa baada ya Maghrib, leteni maswali.