Daktari akikosea apimwe na kufundishwa

Hapa kwetu Kirua Vunjo daktari akikosea tunafanya moja kati ya mambo mawili: tunasema ni mapenzi ya Mungu, au tunataka afukuzwe mara moja. Sisi wauguzi tunaona kwamba yote mawili hayamsaidii mgonjwa anayefuata.

Zamani tuliwahi kufanya kazi na daktari kijana, mpole na mwenye bidii, lakini upasuaji wa uzazi ulimshinda. Akina mama wawili walitokwa na damu nyingi, nusura wafe. Alihamishwa kimyakimya. Hakuna mzoefu aliyesimama naye chumbani kuona anakosea wapi, na huko alikokwenda aliendelea kupasua. Nasi tulinyamaza. Mpaka leo jambo hilo linatusumbua dhamiri.

Wengi mnakumbuka Novemba 2007, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili: mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Majina yao ya kwanza yalifanana. Waliowapasua walikuwa wamesoma. Kilichokosekana ni kumhakiki mgonjwa.

Miezi hiyohiyo hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki jina, mahali pa kupasua, damu na vifaa. Matokeo ya hospitali zote yalitangazwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kumbe watu wazima wenye vyeti wanaweza kufundishwa upya, na watu wakapona.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Daktari mwenye kasoro apimwe akiwa kazini, na mwenzake mzoefu. Afundishwe kile anachopungukiwa, chini ya uangalizi. Asirudi kupasua peke yake mpaka aonyeshe kwamba anaweza. Asiyejirekebisha, Baraza la Madaktari Tanganyika limwondoe. Nasi wauguzi tupimwe vivyo hivyo.

Ninyi wazazi, msiogope kuuliza: "Daktari, unampasua nani, na wapi?" Mkiona kasoro, mwandikieni mganga mfawidhi, bila matusi. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na kosa lililofichwa hurudiwa.