Moto wa Kwanza wa Tanuri la Vioo

Tanuri la umeme la kuunganishia vioo ni chombo cha gharama, na shule ikilipata aghalabu hulipata baada ya kuchanga fedha kwa muda mrefu. Si ajabu basi kwamba likishatolewa sandukuni kila mtu hutamani kuona vipande vya kioo vikilainika na kushikamana siku iyo hiyo. Kitabu cha maelekezo, kwa upande wake, huagiza kwamba tanuri liwashwe kwanza likiwa tupu, kwa saa nyingi, kisha liachwe lipoe lenyewe. Wapo wanaoliona agizo hilo kuwa ni kupoteza umeme bure. Wengine hulitii, lakini kama mgonjwa anywavyo dawa asiyoijua: fundi huwasha tanuri jioni, wanafunzi wakiwa wamekwenda zao, na asubuhi kazi huanza. Wale wa kwanza wanahatarisha tanuri. Hawa wa pili wanapoteza somo, na hasara yao si ndogo.

Somo lenyewe huanza kabla ya swichi kubonyezwa. Tanuri dogo lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huenda likataka volti 120, ilhali umeme wa majumbani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Nguvu ya umeme hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawanya kwa ukinzani. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba volti zikiongezwa maradufu, nguvu huongezeka mara nne, na koili haziwezi kustahimili. Vivyo hivyo, volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu hupungua kwa takriban robo, na tanuri hukawia sana kufika nyuzi 800 za Sentigredi ambazo vioo vingi huhitaji ili viungane. Pengine lisifike kabisa.

Kisha kuna maji. Rafu ya udongo ambayo kioo hulazwa juu yake hupakwa rojo jepesi la alumina na kaolini, mara nne au tano, kwa brashi laini, kila mpako ukiukata ule uliotangulia. Pasipo kinga hiyo kioo kitaigandama rafu na vyote viwili vitavunjika. Rojo lina maji, na matofali ya tanuri lililovuka bahari huweza kuwa yamefyonza unyevu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, na kwa nyuzi 95 hivi Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa nchi. Yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Mvuke huo usipopewa muda wa kutoka, utajitafutia njia kwa kupasua. Ndiyo maana joto hupandishwa polepole na tundu la hewa huachwa wazi. Kaolini ina maji mengine pia, yaliyofungwa kikemia ndani ya chembe zake, nayo hayatoki mpaka joto likaribie nyuzi 500.

La ajabu zaidi hutokea kwenye koili. Nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini. Katika joto kali alumini iliyo juu ya waya huungana na oksijeni na kufanya ganda jembamba la alumina, dutu ile ile iliyomo katika rojo la rafu. Kutu ya kawaida huendelea kula chuma. Ganda hili huzuia oksijeni isipenye zaidi. Koili zisizopata ganda hilo ipasavyo huchakaa mapema. Kwa hiyo moto wa kwanza ni sehemu ya utengenezaji wa tanuri, nayo imeachiwa mnunuzi.

Ama kuhusu gharama, tanuri la kilowati 3 likiwashwa saa 8 haliwezi kutumia zaidi ya uniti 24, na kwa kweli hutumia pungufu, maana koili huwaka na kuzimika. Vioo navyo si lazima vinunuliwe ng'ambo: mafundi wa Kitengela, karibu na Nairobi, hutumia vioo vilivyotupwa. Ila kioo cha chupa kisiunganishwe na cha dirisha, kwani visipotanuka na kusinyaa sawasawa hupasuka vikipoa.

Inafaa basi moto huu uwashwe Jumamosi asubuhi, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya moshi, mwalimu akiwapo mpaka swichi izimwe, na wanafunzi wakiandika joto kila dakika kumi. Kipimajoto chao ni nyaya mbili za metali tofauti, kwa kanuni aliyoigundua Seebeck mwaka 1821. Nacho hupima pale tu ncha yake ilipo. Pembe za tanuri zitapimwa baadaye, kwa vipande sawa vya kioo kimoja. Mfuniko usifunguliwe kabla ya Jumatatu.