Panya wa Morogoro na Kikohozi cha Mfanyakazi

Wako watu wengi ambao, wakisikia kwamba mbwa aweza kunusa maradhi yaliyomo mwilini mwa binadamu, hucheka. Na wakiambiwa kwamba hapa hapa nchini, mjini Morogoro, panya ndio waifanyao kazi hiyo, hucheka zaidi, kisha huuliza kwa dhihaka kama madaktari wamekwisha. Hatuwalaumu. Mtu aliyekulia shambani akimjua panya buku kuwa ni mwizi wa mihogo na karanga, hawezi kwa siku moja kumwita msaidizi wa maabara. Lakini kicheko kikiisha, yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna habari za uhai na mauti ya watu wanaofanya kazi.

Habari yenyewe si ngeni. Mwaka 1989 madaktari wawili wa London waliandika barua katika jarida la Lancet, wakasimulia habari za mwanamke ambaye mbwa wake hakuacha kunusa doa moja lililokuwa pajani mwake, hata alipokuwa amevaa suruali. Siku alipovaa kaptula, mbwa alijaribu kulitoa doa lile kwa meno. Mama yule alikwenda hospitali, na doa likaonekana kuwa ni saratani ya ngozi ya aina iliyo mbaya, ikakatwa mapema.

Wataalamu hawakuridhika na kisa cha mtu mmoja, wala haikuwapasa kuridhika. Mwaka 2004 yalitangazwa majaribio yaliyofanyika Amersham, Uingereza. Mbwa 6 waliwekewa mikojo ya watu 7 kwa kila zamu, na mmoja tu kati ya hao 7 alikuwa na saratani ya kibofu. Katika zamu 54 mbwa walimtambua mgonjwa mara 22. Kwa kubahatisha tu wangalipata kama 8. Jambo lililotushangaza sisi zaidi ni hili: mkojo mmoja uliotolewa na mtu aliyehesabiwa kuwa mzima, mbwa waliukataa katakata, wakasisitiza kuwa una ugonjwa. Mtu yule akapimwa tena, akakutwa na saratani ya figo. Basi waliokosea walikuwa ni watu waliomwandika kuwa ni mzima.

Katika haya hamna uganga. Tunalisema kwa mkazo, maana nchi yetu haikosi watu wawezao kuligeuza neno lolote la elimu likawa biashara ya hirizi. Mwili unaougua hubadilika katika kazi zake, na vijidudu vya maradhi navyo hula na kutoa taka zao. Hewa nyepesi za namna namna hutoka katika pumzi, jasho, mkojo na makohozi. Pua ya binadamu haizipati. Mbwa ana vinasa harufu zaidi ya milioni 200, nasi tunavyo kiasi cha milioni 5 au 6. Panya buku, ambaye macho yake ni dhaifu na maisha yake ni ya usiku, ameishi kwa pua yake tangu kuumbwa.

Hata hivyo tusimwongezee mnyama sifa asizokuwa nazo. Mwaka 2019 zilitangazwa habari za mbwa waliofundishwa Uingereza kunusa malaria katika soksi walizolala nazo watoto wa Gambia, watoto ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Soksi zilikuwa 175, na watoto 30 ndio waliokuwa na vijidudu. Mbwa waliwatambua wenye malaria karibu 70 katika kila 100, na wasio nayo karibu 90 katika kila 100. Ni kazi nzuri sana. Lakini hebu tufanye hesabu. Chukua abiria 1,000 wanaoshuka melini, na katika hao 10 tu wawe na malaria. Mbwa atawashika 7, na pamoja nao atawashika watu 99 wasio na kosa lolote. Anayetaka kumfanya mbwa hakimu, na aikumbuke hesabu hii. Kazi ya mnyama ni kusema, “Tazameni hapa,” na hukumu ni ya maabara.

Morogoro wamelijua hilo tangu mwanzo, na ndiyo sababu tunaiheshimu kazi yao. Shirika la APOPO lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamishia kazi yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwanza panya walifundishwa kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Walifanya kazi hiyo kwa ndugu zetu wa Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imekwisha safishwa mabomu yote yaliyojulikana. Panya mmoja mzaliwa wa Tanzania, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kamboja mwaka 2016, akafichua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, akavishwa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020, na akafa kwa uzee Januari 2022. Wanaonusa kifua kikuu hawana nishani, nasi hatuwajui hata kwa majina.

Kazi hiyo ya kifua kikuu ilianza kuwafikia wagonjwa wetu mwaka 2007. Makohozi hutoka katika vituo vya afya yakiwa yamekwisha pimwa huko kwa hadubini. Huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, asidhurike panya wala anayemtunza. Kisha hupangwa chini ya matundu ya sanduku la kioo, na panya hupita akinusa tundu baada ya tundu. Palipo na ugonjwa hutia pua yake akatulia kama sekunde 3, na akiwa amesema kweli hupewa ndizi iliyopondwa. Kumfundisha kwahitaji kama miezi 9. Lakini akishajua, makohozi ya watu 100 humchukua dakika 20, ilhali fundi mwenye hadubini huhitaji hata siku 4. Yale ambayo panya ameyatilia shaka hurudiwa na mafundi kwa vipimo vinavyokubaliwa, na hapo ndipo mgonjwa huambiwa. Shirika lenyewe laeleza kwamba katika vituo linavyoshirikiana navyo wagonjwa wanaogunduliwa wameongezeka kwa kiasi cha 40 katika kila 100.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Hao walioongezeka ni akina nani? Ni watu waliokwenda kituoni kwa miguu yao, wakatoa makohozi, wakaambiwa hawana kitu. Wakarudi nyumbani, wakarudi kiwandani, wakarudi kulala chumba kimoja na watoto wao. Hadubini ni chombo cha heshima, nayo imetumika tangu Robert Koch alipokionesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, lakini huhitaji vijidudu viwe vingi kabla ya kuviona, na fundi aliyechoka jioni huona vichache kuliko aliyeamka asubuhi.

Mwandishi wa maneno haya alipokuwa katika shule ya misheni alikuwa na mwenzake wa kitanda cha jirani, kijana mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya. Alikohoa muhula mzima. Mara mbili alipelekwa zahanati, mara mbili akarudishwa na dawa ya maji ya kikohozi na karatasi iliyosema kuwa hakuna kilichoonekana. Mara ya tatu alikuwa anatema damu. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne dawati lake likiwa tupu. Hatukuambiwa tupimwe sisi tuliolala naye, wala hatukujua kuomba.

Mgonjwa mmoja wa kifua asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na watu milioni 1.25 walikufa, ingawa dawa ipo, na hapa kwetu hutolewa bure. Tena nchi hii si mwanafunzi katika jambo hili. Ni katika Tanzania, kuanzia mwaka 1977, ambapo daktari Karel Styblo na waganga wetu waliutengeneza mpango wa kumwandika kila mgonjwa katika daftari la wilaya, kumsimamia anywe dawa, na kuhesabu kila robo ya mwaka wangapi wamepona. Shirika la Afya Duniani likauchukua mpango huo katika miaka ya 1990, likaupeleka kwa mataifa mengine.

Watasema wengine kwamba sasa iko mashine mpya, ile iliyokubaliwa mwaka 2010, ambayo kwa saa 2 hivi hutoa jibu na kueleza kama vijidudu ni sugu kwa dawa. Ni kweli, na panya hawezi kusema lolote juu ya usugu. Laiti kila zahanati ingekuwa nayo na umeme wa kuiendesha. Lakini kibweta kimoja cha kupimia mtu mmoja, hata baada ya bei kupunguzwa mwaka 2023, ni karibu dola 8 za Marekani. Twaona si busara kugombanisha panya na mashine. Panya apitie makohozi mengi kwa haraka na kwa gharama ndogo, mashine ithibitishe machache yaliyotiliwa shaka.

Tuseme basi mgonjwa amepatikana, maana yake makohozi yake yamepatikana. Yeye mwenyewe yuko wapi? Hapa ndipo kazi yote ya Morogoro huweza kumwagika kama maji. Wapo watu waliopona kifua kikuu wenyewe, wanaojitolea kuzunguka mitaani na karatasi yenye jina, wakimtafuta mtu mmoja kati ya maelfu. Mara nyingi aliandikisha jina la utani, au nambari ya simu ya jirani, au amekwisha hama chumba. Wengine hujificha kwa makusudi. Na mfanyakazi hujificha kwa nini? Kwa sababu anaamini kwamba siku msimamizi atakapojua, atakuta jina lake limefutwa langoni.

Hofu hiyo haikutoka hewani, tunajua. Lakini sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6, lakini mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, akarudi kazini huku akiendelea na tiba. Mwajiri anayemfukuza mtu huyu hajakilinda kiwanda chake. Amewafundisha wengine wote wenye kikohozi kunyamaza, nao wanaendelea kupumua ndani ya kiwanda kile kile. Na kwa wachimba migodi jambo ni zito zaidi, maana vumbi la mawe likikaa mapafuni humfungulia kifua kikuu mlango.

Liko na jambo la fedha. Kwa sehemu kubwa kazi ya panya hawa imeendeshwa kwa fadhila za wageni, nasi twawashukuru. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mipango mingi ya kifua kikuu ulimwenguni ilitikisika kwa muda wa majuma machache tu. Elimu iliyokulia katika chuo chetu, kwa mikono ya vijana wetu wa Morogoro, kwa mnyama wa porini kwetu, haifai kungoja kila mwaka barua kutoka ng'ambo ijue kama itaishi. Waheshimiwa wabunge wanapopitia makadirio ya Wizara ya Afya na waulize fungu lake liko wapi, na wasikubali kujibiwa kwa sifa za Magawa.

Nasi huku chini tunayo ya kufanya yasiyongoja Bunge. Balozi wa nyumba kumi anajua nani amehamia na nani amehama. Anayetafuta mgonjwa na aanzie kwake, naye balozi aifunge midomo yake baada ya kumwonesha mlango. Tawi la chama cha wafanyakazi lisome kifungu kile cha siku 126 kwa sauti katika mkutano wake ujao, mbele ya msimamizi, na kila anayekohoa kwa wiki 2 aruhusiwe kwenda kituoni asubuhi bila kukatwa siku yake.