Uvivu au Ugonjwa?

Hapana adhabu itolewayo kwa urahisi shuleni kama ile ya mtoto abakiye nyuma katika mchakamchaka. Huitwa mvivu, na shauri likaisha. Kwa maoni yangu, mwalimu hana haki ya kutamka neno hilo kabla ya kumtazama mtoto vizuri.

Miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayodhoofisha misuli umo ule wa Duchenne, ulioitwa kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Karibu wote wanaougua ni wavulana. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni iliyomo kwenye kromosomu ya X, nayo jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1986. Kwa hitilafu hiyo mwili hukosa distrofini, protini inayoikinga misuli isichanike inapofanya kazi. Misuli huharibika kidogo kidogo, na mahali pake pakajaa mafuta na makovu.

Mvulana hupata kromosomu yake ya X kwa mama. Mama mwenye hitilafu hiyo aghalabu haumwi, lakini kila mwana wa kiume amzaaye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Aidha, katika theluthi moja hivi ya wagonjwa hitilafu huzuka upya, mama asiwe nayo. Basi ugonjwa huu hauambukizi, si uchawi, wala si kosa la mzazi.

Dalili huonekana aghalabu kati ya miaka 2 na 5. Mtoto huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa taabu, hutembea kwa ncha za vidole. Na akiinuka sakafuni hujikwea mapaja kwa mikono. Mashavu ya miguu yake huwa manene, na unene huo huwadanganya wengi wakadhani ana nguvu.

Yamkini wapo watakaosema kuwa mwalimu si daktari. Ni kweli, lakini ndiye amwonaye mtoto kila siku kati ya wenziwe. Kazi yake ni kuwashauri wazazi waende hospitali mapema, kwani ingawa ugonjwa haujapata dawa ya kuuponya, zipo dawa za kuuchelewesha. Pasipo tiba, wengi huhitaji kiti cha magurudumu wafikapo miaka 12 hivi.

Darasani, mtoto huyo asilazimishwe kukimbia wala kuruka, maana kuilazimisha misuli hiyo huzidi kuiumiza. Akalishwe karibu na mlango, katika chumba kisicho na ngazi. Akiwa mzito wa kusoma, kama wawavyo baadhi yao, asaidiwe. Wala asinyimwe masomo, kwa kuwa akili yake hainyauki pamoja na misuli.