Si Dini Iliyoligawa Bara Hindi

Yapo maelezo mawili ambayo mwanafunzi wa sekondari huyapokea darasani na kuyabeba mpaka uzeeni bila kuyahoji. Ya kwanza ni kwamba Bara Hindi liligawanyika mwezi Agosti 1947 kwa sababu Wahindu na Waislamu hawakuweza kukaa pamoja. Ya pili ni kwamba Tanganyika ilinusurika kwa sababu watu wake ni wapole kwa maumbile. Sisi tunayakataa yote mawili. Ya kwanza ni kasumba ya mkoloni, ya pili ni majivuno yetu wenyewe. Na yote humfundisha kijana kwamba siasa ni kama mvua au ukame, haina mtu aliyeitengeneza.

Serikali ya Kiingereza ilipofanya sensa ya kwanza ya Bara Hindi, mnamo 1871 na 1872, iliwaandika watu kwa dini zao. Kumwandika mtu si dhambi. Dhambi ilikuja pale maandishi yale yalipogeuzwa kuwa mlango wa madaraka. Mwaka 1905 Lord Curzon alilikata jimbo la Bengal vipande viwili, kimoja kikiwa na Waislamu wengi. Mwaka uliofuata, ujumbe wa wakuu wa Kiislamu ukiongozwa na Aga Khan wa Tatu ulikwenda Simla kumwomba Gavana Mkuu, Lord Minto, kwamba Waislamu wawe na wawakilishi wao. Na kabla ya mwaka kwisha chama cha Muslim League kikaundwa mjini Dhaka. Sheria ya 1909 ikawapa Waislamu daftari lao la wapiga kura. Tangu hapo mgombea wa kiti cha Waislamu hakuhitaji kura ya jirani yake Mhindu. Alihitaji tu kuwatia hofu watu wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba Mwingereza alitenda peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Bal Gangadhar Tilak alikwisha kuifanya sikukuu ya Ganapati kuwa jukwaa la siasa tangu 1893. Chama cha Congress, kilichodai kusema kwa niaba ya wote, kiliyakubali madaftari ya kutenganisha watu katika mapatano ya Lucknow ya 1916. Hata Gandhi, aliyeulipia umoja kwa uhai wake tarehe 30 Januari 1948, alipenda kuueleza uhuru kwa mfano wa ufalme wa Rama. Si ajabu Mwislamu kujiuliza yeye ataketi wapi katika ufalme huo.

Lakini kama uadui ulikuwa wa maumbile, mbona ulichelewa hivyo? Katika uchaguzi wa 1937, Muslim League ilipata viti viwili tu katika Punjab, jimbo lenye Waislamu wengi. Wapiga kura wale walikuwa na dini ileile, misikiti ileile, mashamba yaleyale. Mwishoni mwa 1945, katika uchaguzi wa Bunge la Kati, chama hichohicho kilitwaa viti vyote 30 vya Waislamu. Miaka minane haibadili maumbile ya watu. Hubadili siasa zao.

Mbinu hiyo haikubaki ng'ambo. Nchini Kenya, katika uchaguzi wa 1952, Wahindi wenyewe waligawanywa: Waislamu daftari lao, wasio Waislamu daftari lao, kana kwamba damu iliyomwagika miaka mitano tu iliyotangulia haikutosha kuwa fundisho. Huku Tanganyika, Asian Association, iliyoanzishwa mwaka 1950, haikujiita ya Wahindi wala ya Wapakistani, na viongozi wake walikataa ugomvi wa 1947 kuvuka bahari na kupanda gari moshi hadi kwenye maduka ya Dodoma.

Mkoloni alijaribu na hapa pia, safari hii kwa rangi. Uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa mpango wa dharau, tena wenye masharti magumu ya elimu na kipato, na ndiyo maana Zuberi Mtemvu alitoka TANU mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoukubali. Hata hivyo palikuwa na tofauti kubwa na Kenya: daftari lilikuwa moja. Amir Jamal na Sophia Mustafa hawakuweza kuingia Barazani kwa kura za Wahindi peke yao. Walihitaji kura za Waafrika, na TANU ikawaunga mkono. Upole wa Watanganyika haukuhusika hapa. Kilichohusika ni hesabu ya kura na uamuzi wa chama.

Wala majivuno yetu yasitufiche jambo. Chama cha AMNUT, kilichoanzishwa 1957, kiliomba mwaka 1959 uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waislamu waliokuwa TANU walikipinga, na walifanya vyema. Lakini malalamiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Tazameni mkoa wetu wa Dodoma: Waanglikana walikuwa Mvumi na Kongwa, Wakatoliki Bihawana, na hapa Kikuyu ilisimama shule ya Alliance, ambayo jina lake lilimaanisha muungano wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mtoto wa Kiislamu katika nchi hiihii alikuwa na milango michache mno ya kubisha. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule hizo mikononi mwa taifa, na Alliance ikaitwa Mazengo, jina la mtemi wa Wagogo. Tangu 2007 majengo hayo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mali ya Kanisa Anglikana.

Mwalimu wa Kikuyu anayefundisha habari za 1947 hana haja ya ramani ya Punjab peke yake. Awatembeze wanafunzi wake kutoka hapo hadi Jamatini, mahali palipopata jina kwa nyumba ya ibada ya Waismailia, awaulize katika kila jengo wanalopita: nani aliruhusiwa kuingia hapa mwaka 1950, na nani aliandika sharti hilo?